Flipu yako inatoka vinyuzi na shombo

Ndugu yangu wa Nungwi, nimekuelewa: unajifunzia nyumbani flipu ya ramu, kile kinywaji cha ramu, sukari na yai zima bichi, kabla ya kuipeleka baa ya hoteli, na kila ukimimina unakuta vinyuzi vyeupe na shombo la yai. Mimi nilisimama kaunta Mji Mkongwe miaka kadhaa, yalinikuta hayohayo.

Vinyuzi vinakuja ukiliacha yai likae kwenye ramu, pombe inaligandisha. Tia kwanza kwenye chombo cha kutikisia ramu mililita 60 na shira ya sukari mililita 20. Yai lipasue kwenye kikombe pembeni, ulinuse, kisha litie na utikise papo hapo: sekunde 15 bila barafu, halafu na barafu mpaka chombo kitoke jasho. Chujia kwa chujio la chai. Shombo dawa yake kungumanga, na sisi tunayo kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani hapo! Ikwaruze palepale juu ya povu. Ile ya unga ya kopo haina harufu ya maana.

Hatari sasa. Pombe haiui kwa uhakika salmonela, vijidudu vya kwenye mayai vinavyoharisha watu, na yai kuzama majini kunakuonesha umri wake tu. Yenye ufa, au ya trei iliyoshinda juani dukani, achana nayo. Mzee au mgonjwa usimpe. Mjamzito hata pombe yenyewe haimfai. Kwa wageni wa hoteli ningetumia mayai yaliyopashwa joto kiwandani, na bado ningewaambia kuna yai ndani. Mtu akiharisha damu au akishikwa na homa kali, hospitali moja kwa moja.