Maswali ya Wasomaji: Je, Kumnyamazia Anayenidharau Ndiyo Neema?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni katibu wa kwaya yetu kwa mwaka wa tatu sasa. Yupo mama mmoja, mwimbaji wa sauti ya kwanza. Juma haliishi bila yeye kunivunjia heshima mbele ya wenzangu. Hivi karibuni nilipokuwa nikisoma ratiba alinikata kauli akasema, "Ungejisomea kwanza nyumbani ndipo uje kutusomea sisi." Wengine walicheka. Sijamjibu hata siku moja, lakini nikifika nyumbani humwandikia rafiki yangu yote aliyoyatenda, na nikisikia amekosea wimbo moyo wangu hufurahi. Je, hiyo ni neema? Na je, nitatenda dhambi nikiomba kupumzika ukatibu ili nisikutane naye?

JIBU: Asifiwe milele, dada yangu. Nakushukuru kwa kuandika hata yale ya nyumbani, ambayo wengi wetu huyaacha tunaposimulia mabaya ya wenzetu.

Limeenea makanisani fundisho kwamba mwenye neema ni yule anayenyamaza. Silikubali, na nalisema kwa majuto, kwa sababu miaka mingi iliyopita nilimshauri mtu avumilie tu, naye akavumilia mpaka siku alipoacha kabisa kuja ibadani, wala aliyemwumiza hakupata kujua kwamba ameumiza mtu. Kunyamaza kwaweza kuwa uvumilivu, kwaweza kuwa woga, na kwaweza kuwa hasira iliyofungiwa ndani. Kwa nje yote matatu yanafanana.

Fungua 1 Samweli 24. Mfalme Sauli, akiwa na watu 3,000 wateule, anamsaka Daudi ili amwue, katika nyika ya En-gedi, na bila kujua anaingia katika pango lile lile alimojificha Daudi. Watu wa Daudi wanamwambia kwamba siku ya adui yake kutiwa mikononi mwake ndiyo hii. Daudi hamwui, anakata kwa siri upindo wa vazi lake, basi. Hata hivyo Biblia inasema moyo wake ukamchoma. Kwa nini umchome, na hakumwaga damu hata tone? Mimi naona ni kwa sababu vazi la mfalme lilikuwa heshima yake, na Daudi alikuwa ameipunguza gizani, mfalme mwenyewe asijue. Dada yangu, maneno unayomwandikia rafiki yako ni upindo wa vazi. Yule mama hujamtukana, lakini kila juma unakata kipande cha heshima yake mahali asipoona. Kumweleza mtu mmoja mwenye busara ili upate msaada ni jambo jingine kabisa, na tofauti utaitambua ukijiuliza ni nini ungependa kimpate yule mama baada ya wewe kumaliza kusimulia.

Daudi hakuishia kwenye majuto. Alitoka pangoni, akamwita Sauli kwa sauti, akainama mpaka chini, kisha akamwonyesha kile kipande na kumwuliza kwa nini anawasikiliza wanaosema kwamba Daudi anamtakia madhara. Heshima na ukweli vilitoka katika kinywa kimoja. Bwana Yesu naye anatuagiza katika Mathayo 18:15 tumwonye ndugu aliyetukosa, "wewe na yeye peke yenu", na faida anayoitaja ni hii: "umempata nduguyo". Nafasi hiyo hujampa bado. Mtafute kabla ya mazoezi, wakati hakuna jipya lililotokea, na umtajie tendo moja tu badala ya kumhesabia tabia yake yote: "Mama, siku ile nilipokuwa nikisoma ratiba ulinikata kauli, nami niliumia. Kama kuna kosa katika kazi yangu, naomba uniambie tukiwa wawili." Kisha umsikilize. Pengine ana neno la haki ambalo amekuwa akilisema vibaya.

Utauliza kwa nini ujisumbue hivyo kwa mtu asiyestahili. Katika lugha yetu, mwaka wa mvua nzuri na mavuno mengi huitwa mwaka wa neema, na hakuna mkulima anayesema kwamba mvua ile aliistahili. Warumi 5:8 inatukumbusha kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi, kabla hatujaomba radhi. Wewe na yule mama mmesimama chini ya mvua hiyo hiyo.

Kuhusu ukatibu, rudi tena kwa Daudi. Sauli alilia, akakiri kwamba Daudi ana haki kuliko yeye. Lakini Sauli alipokwenda kwake, Daudi hakufuatana naye, alipanda ngomeni na watu wake. Alikuwa amemsamehe, ila hakujirudisha mahali ambapo mkuki wa Sauli, aliokwisha kumrushia zamani, ungemfikia, na sura ya 26 inaonyesha Sauli akitoka tena na watu 3,000 kumtafuta. Kusamehe unaweza peke yako, lakini kuaminiana kunahitaji watu wawili. Ndiyo maana Paulo, katika Warumi 12:18, anaweka mipaka miwili kabla ya kutuagiza tukae katika amani na watu wote: "kama yamkini", na "kwa upande wenu". Kwa hiyo kupumzika si dhambi, ingawa nakusihi usiondoke kabla hujazungumza naye, wala usiondoke ili kumwadhibu. (Kama ungeniandikia habari za kupigwa au kutishwa, ningekuambia ujiweke salama kwanza na kuwaarifu wenye mamlaka, ndipo mengine yafuate.)

Neno lako kuhusu kufurahi anapokosea wimbo limebaki nami tangu niliposoma barua yako. Muombee kwa jina lake kila unapojiandaa kwenda mazoezini, na Jumapili atakapoimba vizuri, mfuate umwambie hivyo.