Mapigo kumi kwa mtoto wa miaka minne? Dada, subiri kwanza

Dada, hilo boksi ulilosema umeshaliagiza, lenye vyura wa plastiki, nzige, miwani myeusi ya pigo la giza na kitabu cha "kusoma pamoja mezani usiku wenyewe", usilifungue mbele ya mtoto. Uliuliza mambo mawili: vitabu gani ununue, na Seder ya kwanza nyumbani kwako, ule mlo wa usiku wa Pasaka ya Kiyahudi unaosimulia Waisraeli walivyotoka Misri, utaifanyaje ili mwanao "aisikie Kutoka yote bila kupunguzwa". Mume Myahudi, wewe wa kwetu, mtoto ana miaka minne na ndiye wa kwanza. Huyo ni mimi mtupu, miaka sita iliyopita, Maryland, Marekani. Tofauti ni kwamba wewe umeuliza kabla.

Kusema kweli na mimi niliuliza, ila nilimuuliza mtu ambaye si wa kuulizwa. Kuna mama mmoja alikuwa anauza masomo mtandaoni, kulea watoto kwenye mila na mambo kama hayo. Simtaji. Alitufundisha kwamba watoto hawaogopi hadithi, wanaoogopa ni wazazi, kwa hiyo soma kama ilivyoandikwa. Nililipa dola 40 kuambiwa hivyo. Baadaye nikaja kujua ana mtoto mmoja tu, wa miezi saba. Miezi saba! Huyo hata ukimsomea bili ya umeme atakuchekea.

Sasa sikiliza. Asubuhi ya siku ile baba watoto alidamka kwenda sinagogi, maana mkesha wa Pasaka yao wanaume waliozaliwa wa kwanza hufunga, isipokuwa ukihudhuria pale watu wanapomaliza kusoma kitabu kimojawapo cha Talmudi, mafundisho ya marabi wa kale, hapo unaruhusiwa kula. Mume wangu dini humjia mara moja kwa mwaka, na humjia kwa njia ya chakula. Aliporudi akamwambia kijana kwa fahari: mimi na wewe ni wazaliwa wa kwanza. Mtoto akashinda siku nzima anajiita hivyo, kwa Kiswahili safi, mpaka kwenye simu na bibi yake Tanga. Nikaona raha.

Jioni tukakaa. Kwenye Seder hadithi inatangulia na chakula kinafuata, hilo ulijue mapema. Tulipofika kwenye mapigo ilikuwa saa nzima na nusu imepita, na kilichoingia tumboni ni kipande cha mboga kilichochovywa kwenye maji ya chumvi. Kila pigo likitajwa unachovya kidole kwenye kikombe, unadondosha tone kwenye sahani. Damu, tone. Vyura, tone. Alikuwa anafurahia, kidole kimegeuka zambarau kwa juisi ya zabibu. Nami nakisoma kitabu cha kwenye boksi, maana na mimi nililinunua kama hilo lako, kwa mara ya kwanza, pamoja naye, kwa mbwembwe zote za mwalimu wa shule ya Jumapili. Si Kutoka nimeijua tangu utoto? Nisome kwanza ya nini?

Tone la kumi halikudondoka. Kidole kilibaki hewani. Kwenye boksi, pigo la kumi, kifo cha wazaliwa wa kwanza, lilikuwa kidoli kilicholala chali, na alikuwa amekishika mkono wa pili. Akauliza, "Wazaliwa wa kwanza kama mimi na baba?"

Nikamjibu kwamba hao walikuwa wa Misri. Kwake Misri ni kama Tanga, mahali ambapo watu wanapiga simu kutoka huko.

Hakulia, ndiyo maana hatukushtuka. Siku ya tatu napita na kapu la nguo, nakuta miimo ya mlango wa chumba chake imepakwa krayoni nyekundu. Si michoro ya kitoto. Imekandamizwa, imerudiwa, pande zote mbili, kutoka chini mpaka mkono wake ulipofika, na kigoda kimesogezwa hapo kwa ajili ya kizingiti cha juu ambacho hakukifikia. Mlango wa chumba chetu ulipata mwimo mmoja tu. Krayoni ilikuwa imeisha. Usiku huo alikuja kulala katikati yetu, na ule usiku uliofuata, na hivyo hivyo kwa wiki tatu. Mimi nilidhani anaogopa kulala peke yake, kumbe alikuwa anamlinda baba yake, kama Waisraeli walivyopaka damu ya mwana-kondoo milangoni ili mauti yawapite.

Tulipohama mwenye nyumba alitukata dola 150 za kupaka rangi upya. Mwana-kondoo angetoka kwa bei nafuu.

Aliyetutoa ni mama mkwe, ambaye mpaka siku ile niliamini hanipendi. Hakuhubiri. Alimbeba hadi mlango wa mbele, akakigusisha kiganja chake kwenye mezuza, kile kikasha chembamba cha kwenye mwimo, wakabusu vidole. Ndani yake kuna ngozi iliyoandikwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, na yale tuliyokaririshwa sisi yamo: yaandike juu ya miimo ya nyumba yako. Akamwambia, mlango huu ulishaandikwa zamani, kazi yako imekwisha, nenda kalale. Wiki hiyo wakapigilia nyingine kwenye chumba chake, yeye akiwa juu ya mabega ya baba yake ameshika misumari.

Kwa hiyo ninachokwambia ni kimoja: kitabu chochote kisome wewe kwanza, peke yako, mpaka jalada la nyuma, wiki nzima kabla mtoto hajakiona. Usipitishe macho kwenye picha ukasema umesoma. Na si Pasaka tu. Purimu ni sikukuu ya hadithi ya Esta, watoto wanavaa nguo za mchezo na kupiga kelele kila Hamani, yule adui wa Wayahudi, anapotajwa, raha tupu, kisha unafungua ukurasa na kuna mti wa kunyongea. Rosh Hashana, mwaka mpya wao, siku ya pili, wanasoma Ibrahimu, kisu na Isaka. Sisi tuliokulia kwenye Biblia tumezisikia hizi mpaka masikio yamekufa ganzi, hatusikii tena kinachosemwa. Mtoto anasikia.

Na usidhani kupunguza ni kuharibu dini ya watu. Wahenga wao walikuwa na akili kuliko mama wa dola 40. Talmudi inasimulia Rabi Akiva aliwagawia watoto nafaka za kukaanga na njugu kabla ya Seder ili wasilale, wapate kuuliza. Haggada yenyewe, kitabu kinachosomwa kwenye Seder, ina watoto wanne, na wa nne ni yule asiyejua kuuliza. Kuhusu huyo mzazi anaambiwa umfungulie. Umfungulie, dada, si umwagie ndoo. Siku hizi kwetu ile mboga ya maji ya chumvi inakuja na sinia la viazi vya kuchemsha, karoti na matango, wanakula mpaka wanasahau njaa, ndipo Farao anaanza. Mapigo tunaimba vyura, tunaruka, tunakwenda. Afikomani, kile kipande cha matza, mkate usiochachuka, kinachofichwa, ndicho wanachokingojea mwaka mzima kwa sababu anayekipata analipwa. Chapati hamna siku zote nane za Pasaka, jiandae. Na ugali nao Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, wengi wanaukwepa, mahindi wanayaweka kundi moja na maharage na wali. Mama mkwe alipouona kwenye sufuria yangu aliketi chini.

Vitabu usinunue. Jiandikishe PJ Library, mpango wa vitabu vya watoto vya Kiyahudi, wapo tangu 2005, wanatuma bure nyumbani kwa watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 12, na nyumba mchanganyiko kama zetu zinapokelewa. Navyo visome kwanza. Mimi hukaa navyo bafuni, mlango nimefunga, watoto wanagonga.

Boksi lirudishe kama risiti bado unayo. Wakikataa, kidoli kitoe kabisa, kitabu ufiche. Vyura wabakize.