Kang'olewa meno kwa nusukaputi, sasa hataki kula na anajipiga shavu

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 19, ana usonji na kifafa, na hasemi. Jana asubuhi alilazwa kwa nusukaputi, akang'olewa meno manne na kuzibwa matatu. Usiku mto ulilowa mate yenye damu. Leo hataki kula na anajipiga shavuni. Je, ni dawa ya usingizi bado, au kuna tatizo?

JIBU: Mama, pole sana kwa kuuguza. Naanza na huko kujipiga, maana ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Baada ya saa 24 usingizi wa dawa huwa umekwisha kwa sehemu kubwa. Anachokuonyesha leo nakichukulia kuwa ni maumivu. Asiyesema huumwa kama sisi sote, ila huyasema maumivu kwa mkono, kwa kukataa chakula, kwa kukesha. Wewe unajua kawaida yake kuliko sisi tuliomtibu.

Kwa hiyo usisubiri alie ndipo umpe dawa. Mpe parasetamoli kwa saa, kila baada ya saa 6, kwa kipimo mlichoandikiwa, siku hizi mbili tatu za mwanzo. Aspirini asipewe, kwa sababu huzuia damu kuganda.

Kisha mtazame ndani ya mdomo kwenye mwanga. Baadhi ya wagonjwa hutafuna mdomo au shavu ganzi ikiwa bado haijaisha, bila kuhisi chochote. Ukiona kidonda cheupe kilichovimba upande wa ndani, huenda ndicho anachokipiga. Kinauma kweli, lakini hupona chenyewe kwa wiki moja au mbili.

Damu uliyoiona kwenye mto wa kulalia isikutishe, kwani tone moja likichanganyika na mate huonekana kama damu nyingi. Ikichuruzika nyekundu bichi, mkalishe, kunja shashi safi kubwa, mkia wake ubaki nje ya mdomo, aing'ate dakika 20 wewe ukiwa mbele yake. Asilale nayo mdomoni. Vidole vyako usiviweke katikati ya meno yake.

Koo nalo huwasha siku moja au mbili, kwa kuwa mpira wa kupumulia ulipita hapo. Mpe vitu laini vya baridi kwa kijiko au kikombe, si kwa mrija, maana kufyonza kunaweza kung'oa bonge la damu linaloziba pengo. Asiyeweza kusukutua mfutie meno taratibu kwa shashi yenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, kuanzia leo.

Jambo lisilongoja hata kesho ni dawa ya kifafa. Akiikataa au akiitapika, piga simu kwa daktari wake leo hii. Usiisage kwenye uji kabla ya kuuliza, kwa sababu baadhi ya vidonge hivyo vimetengenezwa vitoe dawa polepole, na kusagwa huimwaga yote kwa mara moja.

Mrudishe hospitali mara moja akipumua kwa shida, asipokunywa wala kukojoa, damu isipokoma baada ya kubana mara mbili, au joto likipita 38 na kubaki huko. Uvimbe hukua hadi siku ya 2 au ya 3. Ukizidi baada ya hapo, arudi pia.

Sasa mpe dozi ya parasetamoli, andika saa, umwangalie kwa saa moja. Mkono ukitulia, endelea na dawa kwa saa zake. Usipotulia, usingoje kesho: aonwe leo.