Muulize Fundi: Tairi ya baiskeli ya milimani niijaze upepo kiasi gani?

SWALI: Shikamoo ami. Niko hapa Malindi, nina kilo 72, baiskeli yangu ni ya milimani, tairi ni za upana wa inchi 2.2 na ndani nimeweka tyubu za kawaida. Ubavuni mwa tairi pameandikwa 65 psi (kipimo cha upepo), basi kila Jumamosi naenda petroli stesheni najaza mpaka hapo. Kwenye lami raha tupu, lakini tukienda Nyari, lile korongo la kule Marafa, baiskeli yarukaruka kama mbuzi, na tukiingia zile njia za mchanga za msitu wa Arabuko Sokoke gurudumu la mbele lazama, nashuka nasukuma huku wenzangu wanapita. Rafiki yangu aniambia nishushe hadi 15. Nimfuate?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, usimfuate, na hiyo 65 pia achana nayo. Ile namba ya ubavuni ndo mwisho wa kile tairi inaweza kubeba, aliyeiandika hajui una kilo ngapi wala wapita wapi. Ukijaza hivyo tairi yawa ngumu kama jiwe, kila kokoto yaisukuma juu badala ya tairi kuinama na kuimeza, sasa ikiwa hewani haishiki chochote, si breki si kona. Mimi mwenyewe nliwahi kwenda Marafa na 60, kupita daraja la Sabaki na Mambrui sawa, lakini kufika ile njia mbaya mikono ikafa ganzi hata breki nilikuwa nabonyeza bila kuzisikia. Niliogopa sana siku ile.

Kwa kilo zako na tairi hiyo anza na 26 mbele na 29 nyuma. Nyuma huzidi manake uzito wako mwingi umekaa huko. Halafu tafuta kipande kifupi chenye mawe na kona, kipite, punguza 2, kipite tena, hivo hivo. Kuna mahali utasikia baiskeli imetulia na tairi imeng'ang'ania ardhi. Ukianza kusikia rimu ikigonga jiwe, ngo!, ama kwenye kona tairi yajikunja chini yako, umepitiliza, rudisha 2 na uandike hiyo namba mahali.

Hiyo 15 ya rafiki yako pengine yeye hana tyubu ndani, ameweka silanti, ile dawa ya majimaji ya kuziba matundu. Wewe mwenye tyubu ukishuka hivyo utapata pancha ya kubanwa. Siku ikikupata itoe tyubu uitazame vizuri, utaona matundu mawili madogo yamekaa sambamba, upana wa kidole hivi, utadhani nyoka kauma. Hapo hakuna mwiba wa kutafuta, ni jiwe na rimu zimeibana tyubu katikati. Vijana wengi wanapapasa tairi nusu saa wakitafuta mwiba ambao haupo.

Sasa mchanga. Ukifika Arabuko shusha 4 hivi, 22 mbele na 25 nyuma, tairi itanepa kidogo ikanyage eneo kubwa isizame. Chini ya 20 usiende na hizo tyubu. Weka gia nyepesi, kanyaga mfululizo, uzito urudishe nyuma, na usikate usukani kwa ghafla. Ukirudi kwenye lami jaza, 35 hadi 40 yatosha.

Pampu ya petroli stesheni ya kujazia magari iache, tyubu ya baiskeli ni ndogo yajaa kwa sekunde chache tu. Tafuta pampu ya kusimama yenye geji na utumie hiyo hiyo moja kila siku, manake geji mbili mara nyingi hazisemi kitu kimoja. Kubinya kwa kidole gumba kunadanganya sana. Na upime asubuhi kabla ya jua, tairi iliyopimwa kwa nyuzi 25 ikapata moto hadi 45 yapanda kama psi 3 bila wewe kuongeza chochote.

SWALI: Kaka fundi, mimi wa Watamu, miiba ya migunga yanimaliza. Nikijaza sana itapungua?

JIBU: Haipungui ndugu yangu, mwiba wa mgunga utaingia tu tairi iwe ngumu ama laini. Weka silanti, hata ndani ya tyubu yaingia kama valvu yako moyo wake wafunguka, na mwiba ukiuona umesimama kwenye tairi uzungushe gurudumu mara kadhaa baada ya kuuchomoa ili ile dawa ifike pale.