Miche imerefuka kama uzi, ninunue busta?

Swali: Miche yangu ya nyanya nimeiotesha ndani karibu na dirisha, imerefuka kama uzi, majani yamepauka na shina linalala. Nimeongeza mbolea mara mbili lakini wapi. Sasa kuna jamaa ana busta ya maji anasema inaupa mmea nguvu na kufanya seli zigawanyike haraka. Ninunue?

Jibu: Usinunue, na hiyo mbolea isimamishe kwanza. Miche yako imekosa mwanga. Macho yetu yanazoea haraka ndo maana unaona chumba kina mwanga wa kutosha, ila jani halidanganyiki.

Hili swali naletewa kila mara na kinachonikera ni kwamba watu wameaminishwa mbolea ndo chakula cha mmea. Sio. Chakula mmea unajipikia kwenye jani, unachukua hewa ya ukaa na maji, mwanga ndo moto wa kupikia, inatoka sukari, na sukari hiyo ndo inachomwa ndani ya seli usiku na mchana kutoa nguvu na hiyohiyo ndo inajenga kuta za seli mpya. Nitrojeni na magneziamu za kwenye mbolea zinaingia kwenye klorofili, ile rangi ya kijani ya jani inayonasa mwanga, yaani mbolea inajenga jiko, haiwashi moto. Mwanasayansi wa zamani, Jan Baptist van Helmont, alipanda mche kwenye pipa la udongo wa kama kilo 90, akawa anaumwagilia maji tu, baada ya miaka 5 mti umeongezeka zaidi ya kilo 70 na udongo umepungua gramu 60 hivi! Yeye akadhani uzito wote umetoka kwenye maji, hakujua kwamba sehemu kubwa ilitoka hewani. Majibu hayo yalichapishwa 1648 na bado leo mtu anauziwa "nguvu" kwenye chupa.

Na huo urefu usikudanganye. Seli mpya zinazaliwa hasa kwenye ncha ya shina na ncha za mizizi, ila mche ukiwa gizani seli zilizopo zinajaa maji na kuvutika ili ncha iufikie mwanga. Otesha maharage mawili, moja nje moja kabatini, la kabatini litakuwa refu zaidi, lakini ukiikausha yote ukapima, la kabatini ni jepesi kuliko hata mbegu ulopanda, maana limekula akiba yake tu.

Sasa ukimwaga mbolea juu ya mche wa hivyo chumvi inabaki kwenye udongo, mizizi inashindwa kunyonya maji, ncha za majani zinaungua, na mtu akiona hivyo anaongeza tena. Busta nyingine zina jibarelini, homoni ya kurefusha shina, yaani ugonjwa uleule unauongezea. Nyingine ni maji ya sukari, hapo unalisha ukungu. Muuzaji asiyeweza kukwambia ndani ya chupa kuna nini na kwa kipimo gani, achana naye.

Wewe pitisha maji matupu mengi kwenye udongo yatoke chini, kisha asubuhi toa miche nje kwa muda wa saa moja au mbili tu, kila siku ongeza muda kidogo, maana ukiitoa ghafla juani majani yataungua. Wakati wa kuhamisha fukia shina mpaka karibu na majani ya kwanza, nyanya inatoa mizizi kwenye shina.