Nyuki Hukumbukaje Harufu ya Ua?

SWALI: Mhariri, mimi ni mfugaji wa nyuki wilayani Sikonge, Tabora. Miombo inapochanua, nyuki huandama maua ya aina moja na kuyapita mengine. Ubongo mdogo namna ile huitambuaje harufu na kuikumbuka? Je, dawa za kuulia wadudu zinaweza kumsahaulisha?

JIBU: Ndugu msomaji, kazi huanzia kwenye vipapasio, ambavyo kila kimoja kina maelfu ya seli za kunusa. Seli zenye kipokezi cha aina moja hupeleka taarifa zake kwenye kifundo kimoja cha neva ubongoni, na vifundo hivyo ni takriban 160 kila upande. Hakuna kifundo kilichotengwa kwa ajili ya ua fulani. Harufu moja huamsha vifundo kadhaa kwa nguvu zinazotofautiana, na mpangilio huo ndio utambulisho wake, kama vile herufi chache zinavyotosha kuandika maneno yasiyo na idadi.

Kutoka hapo taarifa huingia katika sehemu mbili zenye umbo la uyoga, kila moja ikiwa na seli zipatazo 170,000, zinazoitwa seli za Kenyon kwa jina la Frederick Kenyon, aliyezieleza mwaka 1896. Katika umati huo harufu huamsha seli chache tu, nyingine zikinyamazishwa, na kwa hiyo harufu zinazokaribiana hazichanganywi kwa urahisi.

Namna kumbukumbu inavyojengeka ndiyo inayonistaajabisha zaidi. Maabara, nyuki hufungwa ndani ya kijibomba, kichwa kikiwa nje. Hupuliziwa harufu, kisha kipapasio chake huguswa kwa maji ya sukari, naye hutoa ulimi. Baada ya mara chache huutoa kwa harufu peke yake, kabla sukari haijafika. Mwaka 1993, mjini Berlin, Martin Hammer aliiacha sukari kabisa: baada ya harufu aliichochea kwa umeme seli moja tu ya neva, ambayo matawi yake huenea kwenye vifundo na kwenye sehemu zile za uyoga, na nyuki akaishika harufu ile kana kwamba amelishwa. Seli moja ilitosha kuuarifu ubongo kwamba penye harufu hii pana mbochi!

Kuhusu dawa, jibu ni ndiyo. Zile za kundi la neonikotinoidi hushika vipokezi vile vile vinavyoshikwa na nikotini ya tumbaku, na seli za Kenyon zina vipokezi hivyo; majaribio yameonyesha kwamba hata kiasi kisichomuua nyuki hudhoofisha uwezo wake wa kujifunza harufu. Usiangalie mizoga pekee, basi: muulize jirani anayepulizia shamba anatumia dawa gani, na umwombe asiitumie wakati wa maua.