Usiwalaze wazee ghorofani: jibu kwa anayefungua makao ya wazee Malindi

Usimruhusu fundi amwage zege ya ghorofani, ndugu yangu. Umeandika kwamba umenunua nyumba ya ghorofa karibu na ufuo wa Malindi, kwamba unakusudia kuwapokea wazee wapatao ishirini, na kwamba vyumba vya kulala vitakuwa juu ili wapate upepo wa bahari, huku chini kukiwa na ofisi, jiko na mahali pa kuswalia. Umeuliza uanze na kibali gani, uajiri wahudumu wangapi na uzitoze familia kiasi gani, kisha ukaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa fundi wako amekuhakikishia vibali vitafuatwa jengo likishakamilika. Nimeusoma mpango wako na kuukuta ni uleule tuliouziwa sisi, chumba kwa chumba, hadi grili za madirishani.

Nianze na ngazi, kwa sababu ndizo zilizotugharimu. Makao yetu yalianzishwa na jamaa kadhaa ambao kila mmoja alikuwa na mzazi asiyeweza tena kuachwa peke yake nyumbani, na baadaye tukawapokea wazee waliokimbia kwao baada ya kusingiziwa uchawi, msiba ambao mtu wa kaunti ya Kilifi hahitaji kuelezwa. Tulimlipa mtu aliyejiita mshauri wa vibali. Yeye alitueleza kwamba nyumba ya kuishi ni nyumba ya kuishi tu, iwe inalaza familia au inalaza wazee, na kwamba idhini ya zamani ya jengo ilitosha. Maneno hayo si kweli. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali cha kaunti kila matumizi ya jengo yanapobadilishwa, na watu wasio wa familia moja wakianza kulala humo chini ya uangalizi wa wafanyakazi wa mshahara, hiyo ni taasisi na pia ni mahali pa kazi. Hapo inaingia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, pamoja na kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka huohuo, zinazodai wafanyakazi wafundishwe na mazoezi ya kutoa watu nje yafanywe angalau mara moja kwa mwaka. Mtu huyo alikuwa akilipwa kwa kuyajua haya. Ama hakuyajua, akachukua fedha za wazee bure, ama aliyajua akanyamaza ili tusiahirishe kazi na malipo yake, na mpaka leo sijui lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi.

Ukweli tuliupata kwa afisa wa zimamoto aliyekuja kukagua. Hakuanza kwa kudai karatasi. Alimwomba mhudumu mmoja alale kwenye kitanda kilicho mbali kabisa na ngazi, akawaambia wahudumu wawili wa zamu ya usiku: “Tuseme ni saa nane za usiku, umeme umekatika, na bibi huyu amepooza upande mmoja. Mtoeni nje, mguu wake usiguse sakafu.” Kitanda hakikupita mlangoni, maana fremu ilikuwa ya chumba cha kawaida. Wakambeba kwa shuka. Kwenye kona ya ngazi yule aliyetangulia alibanwa ukutani, shuka likaanza kumponyoka, na mbebwa akanyosha mkono kutafuta kishikio ambacho kilikuwa upande mmoja tu, tena kilikatika kabla ya ngazi kwisha. Walipofika chini wakakuta grili ina kufuli na ufunguo uko kwa mlinzi, getini. Afisa alifunga daftari lake na kuuliza: “Na waliobaki juu, ni nani anayewafuata?”

Hakusaini, na alifanya haki. Tuliwarudisha wazee kwa jamaa zao, wengine kwenye nyumba zilezile walizozikimbia kwa hofu, tukaanza kubomoa. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na ndizo zinazobeba boriti za juu, kwa hiyo kupanua mlango mmoja kulihitaji mhandisi, mihimili ya kuegemeza na linta mpya, yaani boriti ya juu ya mlango. Si kazi ya mtu na nyundo. Fedha tulizokuwa tumeziweka kwa chakula na dawa ziliishia kwenye vifusi, na baadhi ya wazee hawakurudi tena.

Kwa hiyo shika jambo hili hata kama utayaacha mengine yote: asiyeweza kushuka ngazi peke yake gizani alale chini, katika chumba ambacho kitanda chake kinapita mlangoni na kufika uwanjani bila ngazi na bila ufunguo. Chukua ramani yako na kalamu, uchore njia hiyo kutoka kila kitanda. Pale kalamu inapokutana na ngazi, kona isiyogeuka kitanda au mlango wa kufuli, ramani hiyo haifai. Usikubali kuambiwa kwamba lifti itatatua. Umeme wa hapa unaujua mwenyewe, na wakati wa moto lifti ya kawaida haitumiki.

Vipimo vyenyewe si siri. Kiti cha magurudumu kinataka mlango wenye nafasi ya milimita 900, na kitanda kinachosukumwa kinataka kama 1,200. Mahali pa kugeuzia kiti pawe na upana wa mita moja na nusu. Mteremko usizidi moja kwa kumi na mbili, maana yake kizingiti cha sentimita 45 kinahitaji mteremko wa zaidi ya mita tano, kwa hiyo pima uwanja wako leo, kabla hujajenga tangi la maji mahali ambapo mteremko ungepita.

Kuhusu grili, ninaelewa hofu ya wezi, lakini Kenya hatuna udhuru wa kusema hatukujua. Kule Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, wanafunzi 67 walikufa katika bweni lenye nondo madirishani na mlango uliofungwa. Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 ukakataza grili kwenye madirisha ya mabweni na kutaka milango mipana ifunguke kwa nje. Sioni kwa nini bibi wa miaka themanini apewe kilicho pungufu ya hicho. Ukiweka grili, iwe na komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, tena liwe la shaba, kwa sababu chuma cha kawaida hapa pwani huliwa na kutu hata likagoma siku linapohitajika.

Ujue pia kwamba moshi huua kabla ya moto wenyewe kufika. Katika makao ya Rosepark huko Uskoti, mwaka 2004, moto ulianzia ndani ya kabati la vifaa vya umeme, moshi ukajaa kwenye korido na kuingia vyumba vilivyokuwa wazi, wakafa wazee 14. Kabati lako la swichi, ambalo fundi amelichora kwenye korido ya vyumba vya kulala, lihamishwe, na milango ya vyumba iwe mizito na inayojifunga yenyewe. Makuti unayotaka kuezeka varanda ya juu uyaache kabisa: upepo uleule wa bahari unaoupenda ndio utakaousukuma moto ndani. Australia, baada ya moto wa Quakers Hill, Sydney, mwaka 2011, uliowaua wazee 11, serikali ya jimbo la New South Wales ililazimisha vinyunyizio vya maji kwenye dari za makao ya wazee. Nawe ukiviweka usitegemee mfereji; tenga tangi ambalo maji yake hayatumiki kwa kazi nyingine.

Sasa kibali. Mtafute msanifu majengo na mhandisi waliosajiliwa, mpeleke ramani kaunti pamoja na ombi la kubadilisha matumizi, mwonane na zimamoto na afisa wa afya ya umma wakati ramani bado ni karatasi, muulize NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kuhusu tathmini ya mazingira, kisha msajili mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kabla ya kazi kuanza. Fundi akikwambia kwamba siku zote hujengwa hivi, mjulishe kwamba kanuni za ujenzi za 1968 zimeshabadilishwa na zile za 2024.

Mpigie fundi leo jioni asimamishe kazi ya ghorofani. Ramani ikishachorwa upya, iweke hapa pamoja na vipimo vya milango na vya uwanja, tuichore njia ya kila kitanda pamoja kabla hujailipia.